KUMSINDIKIZA KIJANA ALIYETOKA GEREZANI

(Maneno yaliyosemwa siku ya kuwakumbuka marehemu wa Itaba, mbele ya wazazi, viongozi wa vijiji, walimu na vijana wa kambi.)



  Mada niliyopewa ni vijana wetu waliopita polisi, mahakamani au gerezani, na jinsi ya kuwarudisha kwenye masomo na kazi. Nitajitahidi kusema kwa kifupi na kwa maneno ya kawaida.

Najua wapo watakaouliza: leo ni siku ya kuwalilia marehemu, mbona mnatuletea habari za wahalifu? Swali hilo ni halali, na ndilo nitakaloanza nalo.

Tarehe 9 Septemba 2002 wanajeshi wa serikali ya wakati ule waliwaua raia katika komini ya Itaba, mkoani Gitega. Mashirika ya haki za binadamu yaliyochunguza yalihesabu marehemu zaidi ya 170, wakiwemo wazee, akina mama na watoto wachanga. Februari 2003 maafisa wawili walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Hawakutiwa hatiani kwa mauaji. Walipatikana na kosa dogo, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukaa mahabusu miezi kadhaa, wakaachiliwa.

Sasa, ndugu zangu, jiwekeni mahali pa kijana aliyekua akisikia habari hiyo jioni kwa jioni nyumbani kwao. Kisha huyo huyo anakamatwa kwa kuiba mbuzi, au kwa kukutwa nje ya kambi bila kibali, naye anakaa ndani muda mrefu kuliko wale maafisa. Akitoka anakuambia: "Mzee, sheria ni ya wadogo." Utamjibu nini? Kama hatuna jibu, kila tutakachomwambia juu ya shule na kazi kitapita sikio hili na kutokea sikio lile. Ndiyo sababu jambo hili ni la siku ya leo.

Jibu langu ni la sehemu mbili. Kwanza, tusimdanganye. Tumwambie kwamba ni kweli, haki ya Itaba haikutimia, na sisi wazee tunaidai bado. Tumwambie pia kwamba mahali pengine sheria iliwahi kuwafikia wenye bunduki: Oktoba 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi kwa mauaji ya watu zaidi ya 30 waliokuwa wamekamatwa Muyinga mwaka 2006. Kwa hiyo kudai haki si kazi ya bure.

Pili, tumwambie kwamba haki iliyonyimwa wakubwa wetu haimpi yeye ruhusa ya kuchukua baiskeli ya mjane. Mjane huyo huenda naye ni wa Itaba. Anayesema "mimi nilidhulumiwa" ana deni la kutodhulumu. Maneno haya ni mazito, na kijana atayapokea tu kutoka kwa mtu anayetembea naye, hatayapokea kutoka kwa mtu anayempigia kelele kwa mbali.

HAWA VIJANA NI AKINA NANI

Tukisema "kijana aliyetoka gerezani" wengi huona jambazi. Tuangalie hali halisi.

Kuna waliofungwa kule kwetu Burundi kabla ya kukimbia. Mwishoni mwa mwaka 2006 magereza ya Burundi yalikuwa na watoto zaidi ya 400 wenye umri wa miaka 13 hadi 18, wengi wakilala pamoja na watu wazima. Wakati ule mtoto wa miaka 13 aliweza kushtakiwa. Sheria ya adhabu ya Aprili 2009 ilipandisha umri huo hadi miaka 15, na katika miaka iliyofuata vikafunguliwa vituo vya kuwarekebisha watoto, kama vile Ruyigi na Rumonge kwa wavulana na Ngozi kwa wasichana. Hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini msongamano wa magereza ya wakubwa haukwisha. Tarehe 7 Desemba 2021 gereza la Gitega liliungua usiku. Serikali ilitangaza marehemu 38. Gereza lile lilijengwa kwa watu 400, na siku ile lilikuwa na zaidi ya 1,500. Kijana aliyewahi kulala katika gereza la namna hiyo amerudi na mambo kifuani asiyoyasema.

Kuna waliobebeshwa bunduki wakiwa watoto. Mwaka 2009 watoto 340 waliokuwa pamoja na FNL waliachiliwa, wakapitia kituo cha Gitega kabla ya kurudishwa kwa familia zao. Wale leo ni watu wazima wenye watoto. Baadhi walijifunza ufundi wakatulia. Wengine walirudishwa mlimani wakiwa na gunia la vifaa bila mtu wa kuwaongoza. Vifaa vikauzwa, wakabaki na jina la "mwasi".

Na kuna waliokamatwa huku uhamishoni. Katika kambi za mkoa wa Kigoma tumeishi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, ambayo inamtaka mkimbizi kukaa katika eneo alilopangiwa na kutotoka bila kibali. Kijana anatoka kutafuta kuni, au kulima kibarua kwa mwenyeji ili anunue daftari na viatu, anakamatwa. Sisemi kwamba sheria ya nchi iliyotupokea isiheshimiwe. Nasema tujue tofauti. Aliyevunja mlango wa jirani na aliyekutwa na jembe begani hawahitaji mafundisho yale yale.

KARATASI KWANZA

Nataka wazazi wasikilize hapa kwa makini.

Tanzania ina Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, kesi yake husikilizwa katika mahakama ya watoto, na mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Zipo njia nyingine: kuachiliwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo kule Mbeya. Kwa mtu mzima ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo inamwezesha mwenye hukumu isiyozidi miaka mitatu kufanya kazi za jamii badala ya kukaa gerezani, mahakama ikikubali. Tena ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayomwezesha asiye na fedha kusaidiwa bila malipo.

Lakini sheria hizi zote zinasimama juu ya swali moja: ana umri gani? Hapo ndipo watoto wa wakimbizi wanapotea. Wengi wetu tuliandikishwa mpakani kwa haraka, tukaandikiwa tarehe 1 Januari kwa kukisia mwaka. Mwaka ukikosewa kwa mmoja tu, mtoto wa miaka 17 anakuwa mtu mzima wa miaka 18, naye anapelekwa kwa watu wazima. Kwa hiyo nawasihi: tunzeni karatasi za usajili, kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo na vya shule. Mkiona umri umekosewa, nendeni mkasahihishe mapema, msingoje siku ya pingu. Na mtoto akikamatwa, mzazi au kiongozi wa kijiji aende na karatasi hiyo siku ile ile. Karatasi moja yenye mwaka sahihi inaweza kumwokolea mtoto miaka mitatu ya maisha yake.

KUSINDIKIZA NI NINI

Kwetu mgeni akiondoka hatumwachi mlangoni. Tunamsindikiza, tunaita guherekeza. Unatembea naye hadi njia panda, mnaongea, unamwonyesha palipo na tope. Humbebi mgongoni. Anakwenda kwa miguu yake mwenyewe, nawe unarudi.

Hivyo ndivyo ninavyotaka tumfanyie kijana aliyetoka ndani. Apate mtu mzima mmoja, anayejulikana kwa jina, atakayetembea naye kwa mwaka mmoja. Tusiseme kamati nzima itamwangalia, maana mtoto wa wote hulala njaa. Mtu huyo tumwite msindikizaji. Anaweza kuwa mwalimu, fundi, mama wa kanisa au msikiti, au kijana mwenzake aliyepita njia hiyo akasimama. Asiwe mlinzi wa sungusungu wala mtu aliyeshiriki kumkamata, kwa sababu kijana hatamfungulia moyo.

Kazi yake naigawa katika nyakati nne.

Wiki ya kwanza ni ya mwili na karatasi. Aoge, apimwe afya, maana kifua kikuu na upele hutoka gerezani pamoja na mtu. Aandikishwe tena kwenye mgao. Aliyekosa kuhesabiwa mara kadhaa huenda jina lake limesimamishwa, na mama anamlisha kwa sehemu ya wadogo zake. Nyumba yenye njaa humfukuza kijana haraka kuliko polisi. Ahifadhi hati ya kuachiliwa, asije akakamatwa tena kwa shauri lililokwisha.

Mwezi wa kwanza ni wa kusikiliza. Chukueni daftari, mpige mistari miwili, mpate safu tatu. Safu ya kwanza: ninachojua kufanya. Ya pili: ninachotaka kuwa. Ya tatu: kinachonizuia. Aandike yeye mwenyewe. Kama hajui kuandika, aseme nawe uandike neno lake kama alivyolisema. Msishangae safu ya kwanza ikijaa. Gerezani wengine wamejifunza kunyoa, kupika kwa watu mia, kushona, kuongea lugha ya tatu. Na safu ya pili msiicheke. Akisema anataka kuwa daktari naye aliachia shule darasa la sita, usimwambie haiwezekani. Mwulize: daktari alianzia wapi? Mrudini hatua kwa hatua mpaka mfike kwenye jambo linaloweza kufanyika Jumatatu ijayo. Huenda likawa kurudi darasa la sita, au kozi ya huduma ya kwanza. Lengo kubwa ni lake. Wewe unamsaidia kulikata vipande.

Miezi mitatu ni ya kuthibitisha. Kipande kimoja kitimie, hata kama ni kidogo: mahudhurio ya shule bila kukosa, au kuziba pancha bila kusimamiwa. Mtu aliyeshindwa mara nyingi anahitaji kushinda jambo moja kwa macho yake, na watu waone.

Mwaka mmoja ni wa kusimama mwenyewe. Mkutane kila wiki mwanzoni, kisha kila wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Msindikizaji asijifanye wa kudumu. Akifika njia panda, arudi.

SHULE

Kikwazo cha kwanza cha shule ni aibu. Kijana wa miaka 18 mwenye ndevu hataki kukaa benchi moja na mtoto wa miaka 12. Walimu wanaweza kusaidia: wampime alipofikia wasimrudishe chini bila sababu, wamkalishe na wakubwa wenzake, wampe kazi ya heshima kama kutunza vitabu. Na madarasa ya jioni ya watu wazima yasiwe ya kusoma na kuandika tu. Yabebe pia hesabu na lugha za mtihani.

Kikwazo cha pili ni mtihani na cheti. Watoto wa Kirundi katika kambi hizi wamesomeshwa mtaala wa Burundi, ambako tangu mageuzi ya mwaka 2013 elimu ya msingi ni miaka 9, kisha mtihani wa taifa. Kijana akitaka kurudi kwao, cheti hicho kitamfungulia sekondari au shule ya ufundi. Aliyekaa ndani wakati wa mtihani asihesabiwe kuwa ameshindwa. Ahesabiwe kuwa hajafanya, na jina lake liandikwe mwaka unaofuata. Kwa anayefika mwisho wa sekondari, ufadhili wa DAFI, unaotokana na serikali ya Ujerumani na kupitia UNHCR, umekuwepo tangu mwaka 1992. Nafasi ni chache na ushindani ni mkubwa, lakini asiyejua kuwa mlango upo hawezi kuugonga.

Wapo wanaodhani elimu na gereza havikai pamoja. Nawapa mfano unaojulikana wazi. Nchini Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002 akiwa bado msichana, akawekwa gereza la wanawake la Luzira. Humo akasoma hadi mtihani wa kidato cha sita, akawafundisha wenzake, kisha akasomea sheria kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London. Shauri lililobeba jina lake, yeye na wenzake 417, lilifika Mahakama ya Juu ya Uganda, na Januari 2009 mahakama ikaamua kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima kwa kosa lolote. Mwaka 2016 akatoka. Tazameni: mfungwa alisaidia kubadilisha sheria ya nchi kwa kalamu. Hakufika pale peke yake. Walikuwepo walimu, walikuwepo mawakili, na walikuwepo wafungwa wenzake waliokubali kukaa darasani.

KAZI

Si kila mmoja atapenda shule. Tusimlazimishe. Ufundi ni elimu kamili.

Katika kambi zetu kazi zinazoweza kuanza bila mtaji mkubwa zinajulikana: kutengeneza baiskeli, kushona, kunyoa, useremala, uashi, sabuni ya mawese, bustani ya mboga. Ubora wa kazi hizi ni kwamba zinakwenda na mtu. Fundi cherehani ni fundi Kasulu, ni fundi Gitega, ni fundi Muyinga. Tena huko Burundi kazi nyingi za kuajiriwa humwomba mtu hati ya mahakama inayoonyesha kama aliwahi kufungwa. Ufundi wa mkono hauombwi hati hiyo. Unaombwa mshono ulionyooka. Kwa anayetaka kuajiriwa, amwulize mwanasheria juu ya taratibu za kurejeshewa heshima yake kisheria baada ya kumaliza adhabu.

Lakini mafundi nao wana hofu zao, na tuziheshimu. Fundi anasema: akiniibia je? Ndipo tunapohitaji makubaliano ya maandishi. Yaseme miezi mingapi, siku zipi, nani analipa kitambaa kikiharibika, na kijana atapewa nini akimaliza. Fundi atie sahihi, kijana atie sahihi, mzazi na kiongozi wa kijiji washuhudie. Na niongeze jambo moja: mwezi wa kwanza kijana asishike fedha za wateja. Wengine wataona ni dharau. Mimi naona ni kinga yake. Fedha ikipotea katika kibanda chenye watu watano, macho yote humwangalia yule aliyetoka gerezani, hata kama alikuwa kisimani. Asiposhika, hatashukiwa. Baada ya mwezi ashike kidogo, mbele ya shahidi, kisha zaidi. Uaminifu hujengwa kama ukuta wa matofali mabichi, safu ikauke kwanza ndipo upandishe nyingine.

Akianza kupata senti, aingie kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi kinamfundisha kuhesabu, na kinampa watu wa kumwuliza Ijumaa: umeleta? Haba na haba hujaza kibaba.

Mwisho wa jambo la kazi: tumfundishe kusema habari yake. Asiifiche, maana kambi haina siri, na asiitangaze sokoni. Sentensi tatu zinatosha: nilifanya hivi, nilijifunza hili, sasa ninafanya hili. Aliyeweza kusema hayo bila kuinamisha kichwa yuko tayari kukaa mbele ya mwajiri.

WASICHANA

Wasichana ni wachache kwa hesabu, lakini anguko lao ni refu zaidi. Mvulana akitoka ndani, watu husema ameteleza. Msichana akitoka, watu husema ameharibika. Wengine walikamatwa kwa pombe ya kienyeji waliyopika kuwalisha wadogo zao. Wengine walipata mimba kwa nguvu, na yaliyofuata yakawapeleka mahakamani wakati aliyewapa mimba yupo anacheza ngoma harusini. Wengine wanarudi na mtoto mgongoni.

Msichana huyu hawezi kwenda darasani wala kwa fundi kama hakuna wa kumshikia mtoto. Kwa hiyo akina mama, mchango wenu wa kwanza si nasaha. Ni kumshikia mtoto kwa saa nne kila siku. Na msindikizaji wake awe mwanamke.

WALIODHULUMIWA

Hatuwezi kumrudisha kijana katika jamii bila kumwangalia aliyeumizwa. Mjane aliyeibiwa baiskeli ana haki ya kuuliza: huyu anapewa fundi na daftari, mimi nimepewa nini?

Hapa tunayo mila yetu. Bashingantahe wa milima yetu walikaa chini na pande zote mbili, kila mmoja akasema, kosa likatajwa kwa jina lake, kitu kikarudishwa au kikalipwa, kisha watu wakaonja pamoja. Mwisho wa yote mkosaji alibaki kuwa mtu wa mlima ule. Tuirudishe mila hiyo kwa makosa madogo: wizi mdogo, matusi, ugomvi wa vijana. Kijana alipe kidogo kidogo kutokana na kazi yake, naye mjane aone. Lakini nasema wazi ili asije akanielewa vibaya mtu: ubakaji, mauaji na kuumiza watoto havimalizwi chini ya mti kwa chupa za bia. Hayo ni ya mahakama. Tukiyaficha kwa jina la mila, tutakuwa tunafanya kwa watoto wetu kile kile tunachokilalamikia kwa Itaba.

AKIANGUKA TENA

Baadhi wataanguka. Anayewaahidi kwamba wote watasimama hawapendi. Kwa hiyo panga mapema, siku mkiwa na amani: ukikosa siku tatu nitakuja nyumbani, ukilewa tutaongea kesho yake, si usiku ule, ukikamatwa nitakuja na karatasi zako, lakini sitasema uongo kwa ajili yako. Neno hilo la mwisho ni la lazima. Msindikizaji akidanganya polisi mara moja, amewafungia mlango vijana wote wanaofuata. Na akianguka, msianze safari upya kutoka mwanzo kana kwamba hakuna kilichofanyika. Rudini kwenye daftari mwone ni hatua ipi iliyovunjika. Kuteleza si kuanguka, na kuanguka si kufa.

KWENU VIJANA

Sasa nasema nanyi mliokaa karibu na mlango. Sitawahubiria. Mmehubiriwa vya kutosha, na wengine mmehubiriwa na watu wenye makosa kuliko yenu.

Nawaambia mambo mawili tu. Mnadai haki, na mna haki ya kuidai. Lakini siku ya kusimama mbele ya tume au mahakama na kusema yaliyotokea Itaba, atahitajika mtu anayejua kusoma maandiko ya kesi, anayejua kuandika jina la marehemu bila kulikosea, anayeweza kusimama bila kuogopa suti ya mtu. Wazee waliokuwepo wanapungua kila mwaka. Mtu huyo ni nani kama si wewe? La pili: kuomba msaada si unyonge. Njoo uombe msindikizaji. Usipompenda uliyepewa, omba mwingine.

MAOMBI KWA KAMATI

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi manne. Kwanza, kila kijiji kitoe majina ya watu watano walio tayari kusindikiza kijana mmoja mmoja kwa mwaka mmoja. Pili, liwekwe daftari la siri, litunzwe na mtu mmoja mwaminifu, lenye tarehe za kutoka na hatua zilizofikiwa, ili mtu akihama au akirudi nyumbani habari isipotee. Tatu, mafundi watakaopokea vijana wapewe kipaumbele kwenye vifaa vinavyogawiwa na mashirika. Nne, jambo la umri katika karatasi za usajili liwe ajenda ya kudumu ya vikao na wenye mamlaka, lisiwe la kukumbukwa mtoto akishakamatwa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja fedha kutoka Geneva. Yanangoja watu.

Marehemu wetu wa Itaba hawakupewa nafasi ya kukua. Wapo kati yao waliokuwa na miaka mitano, na leo wangekuwa watu wazima wenye kazi zao. Hatuwezi kuwarudishia miaka hiyo. Lakini vijana hawa tulionao miaka yao bado ipo, na kila siku tunayoahirisha inatoka humo.

Mungu awapumzishe marehemu wetu, na atupe sisi tuliobaki moyo wa kutembea na watoto wetu.